Roboti Yetu Imekwenda Kwenye Uji

Jamani, leo nimeaibishwa na kitu chenye urefu wa kiatu. Kina magurudumu manne, hakina mdomo, sijawahi kukigombeza, na bado kimenivua nguo mbele ya Afisa Elimu. Nimekaa hapa nyumbani Igoma, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, nawaandikia kabla walimu wenzangu hawajawaandikia. Wao wataongeza chumvi. Mimi nawapa kama ilivyokuwa, na nina sababu ya kuiloweka hii miguu, mtaijua.

Kwa msionifahamu: mimi ni Mwalimu Kabula. Nafundisha darasa la sita, ni mwalimu wa nidhamu, na tangu muhula uliopita mimi ndiye mwalimu wa roboti wa shule yetu. (Msishtuke. Na mimi nilishtuka.)

Cheo hicho nilijipatia kwa kalamu yangu mwenyewe. Lililetwa dodoso la kupima kama walimu tuko tayari kufundisha kwa kutumia roboti. Kila swali lina visanduku vinne: siko tayari, tayari kidogo, tayari, tayari sana. Sasa nyie ambao si walimu niwafundishe kitu. Karatasi ikitoka juu, huandiki kwamba hujui. Ukiandika hujui, inarudi na jina lako. Nikaweka tiki kwenye "tayari sana" kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho, zimenyooka kama foleni ya mstarini. Hata pale walipouliza kama naweza kutengeneza roboti ikiharibika bila msaada wa mtu. Tayari sana! Mimi, ambaye redio ikikwaruza naipiga kofi.

Walimu wenzangu wakanakili kwangu. (Ndiyo, sisi hawahawa tunaochapa watoto kwa kunakili.) Ni Mwalimu Sospeter peke yake, mzee wetu anayesubiri kustaafu, aliyeandika kwa herufi kubwa: SIKO TAYARI, HATA VOCHA NAWEKEWA NA MJUKUU. Tulimcheka wiki nzima.

Basi, kwa kuwa nilikuwa tayari sana, nikaitwa semina ya siku moja Nyamagana. Asubuhi tulijitambulisha. Tukanywa chai. Baada ya chai mwezeshaji akatuwashia video ya roboti moja ya huko kwa wenzetu, mtu anaiambia "njoo" inakuja, anaiambia "kaa" inakaa. Tukapiga makofi. Umeme ukakatika. Tukaungoja, haukurudi, tukala wali na kuku, tukapewa vyeti, tukaenda nyumbani. Changu nimekitundika sebuleni. Kinasema nimehitimu, na mimi si mtu wa kubishana na cheti.

Baada ya hapo yakaja maboksi mawili, kila boksi na roboti yake. Mwalimu Mkuu wetu, Mzee Mashauri, aliyapokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto wa ubatizo. Akapiga nayo picha. Kisha akayafungia stoo, ndani ya kabati la kioo, juu ya kabati akatandika kitambaa cha kufuma na maua ya plastiki.

Nikamwendea baada ya siku chache. "Mzee, naomba boksi moja nikafundishie."

"Ukafundishie?" Aliniangalia kama nimemwomba kiti chake. "Mwalimu Kabula, hivi ni vifaa vya wageni. Ukivichezea vikaharibika, wageni wakija tutawaonyesha nini?"

Nyote mna mama mwenye kabati la vikombe ambavyo hamjawahi kunywea. Mnanielewa.

Ufunguo wa stoo unakaa kwenye mkanda wake. Hakuna mwalimu anayepewa. Unatoka mara moja tu kwa siku, asubuhi, ili wachelewaji wafagie humo ndani. (Hapo pashikeni. Mimi sikupashika.)

Adhabu ya wachelewaji nimeitunga mimi, na nilijivunia sana. Ukichelewa, unazunguka uwanja mara mbili. Si moja, si tatu, mara mbili. Kisha unafagia stoo. Kisha ndiyo unakwenda kwenye uji. Wachelewaji wangu ni walewale kila siku, kumi na wanne, na kiongozi wao ni binti mmoja wa darasa langu anaitwa Minza. Mama yake ana genge la mboga pale barabarani, na Minza hupanga nyanya kwanza ndipo aje shule. Nimemwambia mpaka nimechoka: "Minza, nyanya hazitakufaulisha!" Ananiitikia "ndiyo madam" kwa adabu zote, anakwenda kuzunguka uwanja.

Sasa mtauliza, bila roboti nilifundishaje roboti? Kwa chaki! Nilichora ubaoni. Kichwa cha mraba, macho mawili, masikio mawili makubwa, mikono, antena. Kila sehemu na mshale wake na jina lake. Watoto wakanakili, wakapaka rangi, wakakariri. Muhula mzima. Ule mchoro ulikuwa mzuri, nisiwafiche, Mzee Mashauri alikataza usifutwe.

Wiki iliyopita ikaja taarifa. Wageni watapita kukagua. Wakikuta mwalimu yuko tayari, roboti zinabaki. Wakikuta hayuko tayari, maboksi yanapakiwa kwenye gari siku hiyohiyo yanakwenda shule nyingine yenye mwalimu aliye tayari. Hakuna mjadala.

Mzee Mashauri aliniita ofisini, akafunga mlango. "Mwalimu Kabula. Nimeshawatangazia wazazi kwamba shule hii ina roboti. Nimewatangazia kanisani. Yale maboksi yasiondoke."

"Hayaondoki, Mzee."

"Umejiandaa?"

"Tayari sana," nikasema. Ulimi umeshazoea.

Lakini niwaambie ukweli, usiku huo sikulala. Si kwa ajili ya Mzee. Wale watoto wamepaka rangi roboti kwenye daftari zima. Wananiuliza kila Ijumaa, "Madam, tutaigusa lini?" Nimewajibu "karibuni" mara nyingi mpaka neno lenyewe limechuja. Halafu waje waione inapandishwa kwenye gari? Roho iliniuma, ndiyo hivyo.

Nikajiandaa basi, kwa namna tunavyojiandaa sisi. Nikachagua watoto kumi na wawili wenye sweta nzima na sauti kubwa. Nikawapa maswali na majibu yake. Wachelewaji wangu kumi na wanne, pamoja na watoto watano wasio na soksi, nikawapangia kazi nyuma ya jiko, wachambue mchele wa wageni. Nikawaambia wasionekane mpaka gari liondoke. "Hatutaki wageni waone aibu yetu," ndivyo nilivyosema. Kwa mdomo huuhuu.

Sasa tuje leo.

Wageni walilala Sengerema, tukajua watafika saa nne. Zamani mgeni anayetoka ng'ambo ya Busisi ulikuwa na uhakika naye. Kivuko kinamkalisha, wewe huku unafagia mara ya pili, unapiga na deki. Siku hizi kuna daraja. Maendeleo! Saa mbili na nusu pikapu ya wageni ipo getini, nyuma tupu kabisa, turubai limekunjwa vizuri linasubiri mzigo.

Mimi wakati huo ndiyo kwanza nipo stoo na Mzee Mashauri, tunafungua boksi. Mara ya kwanza katika maisha yangu. Utepe wa gundi wa boksi ulikuwa umebandikwa vizuri sana, juu yake kuna utepe mwingine. Nikasema moyoni, hawa watu wa kiwandani wako makini. Ndani, chini ya gurudumu, nikakuta ganda la karanga. Nikasema, kumbe na kiwandani wanakula karanga. (Nicheke au nilie? Niendelee tu.) Nikaigeuza, taa ya kijani ikawaka. Imekuja na chaji yake! Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Haikuwa na kichwa, wala mikono. Ilikuwa kama sahani ya sabuni yenye magurudumu, mgongoni ina vitufe vya mishale na kimoja kikubwa cha kijani. Haikufanana hata kidogo na ya ubaoni. Nikaona hii ni kasoro ya roboti.

"Niijaribu kidogo, Mzee," nikasema.

Akanishika mkono. "Usiichoshe kabla ya wageni!"

Tukaingia darasani. Afisa Elimu ni mama mmoja mfupi, mpole, anaitwa Bi Adventina, anavaa miwani iliyofungwa kamba. Wale wapole ndio wabaya. Alikuja na vijana wawili wenye kompyuta za mkononi, na dereva akabaki nje akiegemea pikapu. Watoto wangu wakasimama. "Shikamooni wageni wetu!" Wakaitikiwa marahaba, wakakaa kwa kishindo kimoja kama tulivyofanya mazoezi.

"Nani ataniambia roboti ni nini?" akauliza Bi Adventina.

Mikono kumi na miwili juu! Akamchagua Elikana, ambaye ana sauti ya mnada wa ng'ombe.

"Roboti ni mashine iliyotengenezwa na binadamu ili kumrahisishia kazi!"

"Vizuri. Na sehemu zake?"

"Kichwa, macho, masikio, mikono na antena!"

"Umewahi kuiona roboti?"

"Ndiyo!"

"Wapi?"

"Ubaoni!"

Wale vijana wawili wakaandika kitu. Mzee Mashauri akakohoa. Nikacheka kicheko cha adabu, nikasema, "Tulianza na nadharia, sasa tunaingia vitendo," nikatandika chini ile karatasi nyeupe iliyokuja na boksi, yenye duara jeusi. Niliitandika karibu na mlango ili wageni waone vizuri. Nikaiweka roboti juu ya duara. Nikasali kimoyomoyo. Nikabonyeza kile kitufe cha kijani.

Ikatembea!

Ndugu zangu, ilitembea! Ikafuata lile duara taratibu, taa zinamulika, mzunguko mmoja safi. Darasa likalipuka makofi. Mzee Mashauri aliinua mikono kama goli limeingia. Ikaanza mzunguko wa pili. Mimi nikapata sauti. "Kama mnavyoona," nikasema, mkono nyuma, natembea kama mhadhiri, "roboti hii nimeielekeza izunguke duara." Nimeielekeza! Bi Adventina akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nikaona kabisa maboksi yanabaki, nikajiona nimealikwa na shule nyingine kuwasaidia wasio tayari.

Mzunguko wa pili ukaisha. Roboti ikasimama kidogo. Ikageuka. Ikashuka kwenye karatasi, ikatoka mlangoni.

Vichwa vyote vikageukia mlangoni.

"Mwalimu," akasema Bi Adventina, "inakwenda wapi?"

Hapa ndipo mtu mwenye akili angesema sijui. Neno fupi tu. Lakini mimi nina cheti sebuleni.

"Hii ni hatua ya pili ya somo," nikasema. "Roboti na mazingira yake."

Tukatoka wote. Kwenye baraza letu kuna mstari mweusi wa rangi ya mafuta. Unaanzia mlango wa stoo, unapita mlango wa darasa la sita, unakwenda mpaka jikoni. Watoto hupanga foleni ya uji juu yake. Roboti iliufikia ule mstari, ikakata kulia, ikaanza kuufuata pole pole kabisa. Na sisi nyuma yake. Mimi wa kwanza, Bi Adventina, vijana wawili, Mzee Mashauri, watoto kumi na wawili wenye sweta. Tumejipanga nyuma ya sahani ya sabuni kama tunasindikiza bibi harusi. Walimu wakatoa vichwa madirishani. Mwalimu Sospeter akatoka na kiti chake kabisa, akakaa.

Mzee Mashauri akanisogelea, meno yamebana. "Kabula, inakwenda wapi?"

"Inafuata mtaala, Mzee."

"Huko ni jikoni!"

Nilijua ni jikoni. Nilijua na nani yuko nyuma ya jiko. Jasho likanitoka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Niliwaza kuikanyaga kwa bahati mbaya. Nilipima hatua kabisa, naapa, nikainua na mguu, Bi Adventina akasema kwa upole wake, "Acha iende, Mwalimu. Ni somo lako." Mguu nikaurudisha.

Ikapita mlango wa jiko. Mama Sabina mpishi akaiangalia, wala hakushtuka, akaendelea kukoroga. Hilo peke yake lilitosha kunipa taarifa. Ikakata kona. Ikafika mwisho wa mstari, ikasimama, ikalia pii, pii, pii.

Watoto kumi na tisa walikuwa wamekaa juu ya kuni na nyungo za mchele mapajani. Waliinua vichwa kwa pamoja.

"Kulwa amekuja!" akapiga kelele mmoja.

"Leo kachelewa!" akasema mwingine.

Mmoja akachukua mfuniko wa kikombe, akauweka chini mbele ya roboti. Ndiyo uji wake. Inaelekea ndivyo wanavyofanya kila siku. Kisha wakatuona sisi, wakasimama wote kwa mara moja, mchele ukamwagika.

Bi Adventina aliwaangalia. Akaangalia miguu isiyo na soksi. Akaniangalia mimi. Akachuchumaa mbele ya Minza.

"Hujambo, mwanangu."

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Huyu mnamjua?"

"Ndiyo. Ni Kulwa. Doto yuko bado kwenye boksi, gurudumu lake moja linabana, tumelipaka mafuta ya kula lakini bado."

Nilimsikia Mzee Mashauri akivuta pumzi. Boksi la pili, ambalo hata leo hatukulifungua, kumbe limeshapakwa mafuta ya kula.

"Mnamchajia wapi?"

"Stoo, madam. Pale Mwalimu Mkuu anapochajia simu."

"Na nani kawafundisha?"

Minza akanitazama. Mtoto ambaye nimemzungusha uwanja muhula mzima kwa sababu ya nyanya za mama yake, leo nimemficha nyuma ya jiko, nilimwona kabisa anatafuta namna ya kunisitiri. Akasema:

"Madam Kabula. Yeye ndiye anatupeleka stoo kila asubuhi."

Jamani. Angesema ukweli wote ningeumia kidogo. Kwa kunitetea vile nilitaka ardhi inimeze.

Bi Adventina naye si wa jana. "Sawa. Na kwa nini mmempanga azunguke mara mbili kwanza?"

Wakaangaliana. Akajibu yule mdogo kuliko wote, hajui kusitiri mtu:

"Naye ni mchelewaji kama sisi! Ukichelewa unazunguka mara mbili, halafu ndiyo unakwenda kwenye uji. Ni sheria ya Madam Kabula!"

Mwalimu Sospeter, ambaye alikuwa amehamisha kiti mpaka pale kwenye kona, alicheka akashika mbavu. Vijana wenye kompyuta wakageukia ukuta, mabega yanatikisika. Hata dereva aliyekuwa getini amekuja, sijui nani kamwita.

Mngedhani hapo pametosha. Hapana. Bi Adventina akainuka, akapangusa magoti, akasema, "Basi Mwalimu, wewe uliyewaongoza, hebu muagize Kulwa aende mpaka pale bombani."

Niliangalia vile vitufe vya mishale. Vilikuwa vingi. Nikakumbuka ile video ya semina. Nikapiga goti. Nikaleta sauti ile ya darasani, ya upole lakini yenye mamlaka.

"Kulwa," nikamwambia. "Nenda bombani."

Kulwa ametulia.

Nikaongeza sauti kidogo. "Kulwa! Nenda. Bombani."

Wapi! Nikafikiria, ni kweli, huyu kaja kutoka nje, labda Kiswahili bado kinampa taabu. Nikambadilishia Kiingereza. Nikamwambia kwa Kiingereza aende bombani, neno moja moja, namwonyesha na kidole. (Yaani namwonyesha. Sahani ya sabuni.) Hakwenda. Na mimi mwanafunzi asiponijibu nina tabia yangu, wote mnaijua, nikajisahau nikapiga makofi mawili mbele yake: "We! Si nasema na wewe?"

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipojua nimekwisha. Watu wakiacha kucheka, wameanza kukuhurumia.

Minza akachuchumaa kando yangu. Akaninong'oneza, lakini ule mnong'ono wa mtoto unaosikika mpaka barabarani:

"Madam, hasikii. Hana masikio. Anabonyezwa."

Na Elikana wangu, wa kundi la sweta, akaruka juu na sauti yake ya mnada: "Madam! Mbona ubaoni ana masikio mawili?"

Mayu wane, mama yangu! Nilibaki pale chini nimepiga goti, mikono hewani, mchele umetapakaa, roboti inanimulikia taa usoni. Minza akabonyeza mshale, mshale, mshale, kitufe cha kijani. Kulwa akageuka, akaenda mpaka bombani, akarudi, akasimama kwenye kiatu changu.

Niliinuka. Nikasema, "Mama, naomba nikiri. Leo ndiyo nimeishika mara ya kwanza." Mzee Mashauri akafumba macho. Nikaendelea, kwa sababu ukishavuliwa nguo huchutami nusu. "Hawa watoto niliwaficha mimi. Nakuomba usichukue maboksi. Ukinichukulia hatua chukua, lakini roboti waachie hawa. Wameshaipa na jina."

Sikupanga kulia. Machozi yalikuja yenyewe, na kamasi yake.

Bi Adventina akafungua mkoba. Nikajua ni barua. Akatoa karatasi, akaikunjua. Lilikuwa dodoso langu, na tiki zangu zote zimenyooka. Akanipa na kalamu.

"Jaza upya," akasema.

Nikajazia juu ya ungo wa mchele, mbele ya watoto kumi na tisa wa aibu na kumi na wawili wa fahari. Siko tayari. Siko tayari. Siko tayari. Kwenye swali la kutengeneza bila msaada nilisita kidogo, Minza akachungulia, akatikisa kichwa. Siko tayari. Mwalimu Sospeter akasema kwa nyuma, "Taratibu, usikosee kisanduku, mimi nina uzoefu."

Bi Adventina akaisoma yote. "Sasa hapa kuna mwalimu wa kuanzia naye," akasema. Kisha akamgeukia dereva. "Funga turubai. Maboksi yanabaki."

Watoto walipiga kelele mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Kundi la sweta na kundi la kuni, wote pamoja, wakamkimbilia Kulwa. Elikana akapiga magoti akamgusa kwa kidole kimoja, kisha akanusa kidole.

Lakini Bi Adventina alikuwa hajamaliza. Akamwomba Mzee Mashauri ule ufunguo. Mzee aliufungua kwenye mkanda polepole sana, kama anang'olewa jino, akaambiwa amkabidhi Minza. Kisha Bi Adventina akatangaza kwamba kuanzia kesho, saa nane kamili mchana, walimu wote wa shule yetu tutaingia darasa la sita kufundishwa roboti. Wakufunzi ni wachelewaji.

"Kuna swali?" akauliza.

Minza akanyoosha mkono. Kwa adabu zake zilezile.

"Je, mwalimu akichelewa?"

Bi Adventina akanigeukia, miwani imeshuka puani. "Sheria ya shule inasemaje, Mwalimu Kabula?"

Hawakunisubiri. Walijibu watoto thelathini na mmoja, kwa pamoja, bila kufanya mazoezi. Kisha mmoja wa wale vijana wenye kompyuta akakumbusha, kwa nia njema kabisa, kwamba maboksi yamekaa kabatini muhula mzima, na kwa hesabu yoyote ile mwalimu wa roboti ameshachelewa.

Kwa hiyo kama kuna mtu kawatumia picha ya mwanamke mwenye suti ya kitenge akikimbia uwanjani kwa viatu vya visigino, mizunguko miwili, huku roboti inamsubiri kwenye mstari wa uji, ni kweli ni mimi. Msicheke. Uji nilipewa, na kesho naenda na raba.